Vipuri vya Kompyuta: Kuagiza Ng'ambo au Kununua Hapa Kenya

Anayetaka kuongeza RAM, kubadilisha diski au kununua kadi ya grafiki jijini Nairobi kwa kawaida hulinganisha bei mbili kabla ya kutoa pesa. Moja ameiona kwenye tovuti ya Marekani, Uchina au Dubai, nyingine kwenye duka la mtandaoni la hapa nchini, na mara nyingi ya hapa huwa juu hata baada ya dola kugeuzwa shilingi. Wengi huhitimisha papo hapo kwamba muuzaji wa nyumbani anawakamua. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaundia watu kompyuta na kuwaagizia vipuri, na naamini hitimisho hilo huwapotezea wengi pesa, kwa sababu bei hizo mbili hazijapitia njia moja. Ile ya dola ni ya kipuri kilicholala kwenye ghala la mbali. Ile ya shilingi ni ya kipuri ambacho kimesafirishwa, kimelipiwa ushuru, kimekaa kwenye rafu kikila mtaji wa mtu, na kikigoma kuwaka kuna mlango wa kuurudia. Anayeagiza mwenyewe hazikwepi gharama hizo, anazibeba yeye. Zipo anazoweza kuzibeba kwa wepesi kuliko mwenye duka, na zipo zitakazomlemea. Kuzitenganisha ndiko kunakoamua, na jibu hubadilika kutoka kipuri kimoja hadi kingine.

Ushuru unaosemwa kuwa haupo

Utasikia mara kwa mara kwamba vipuri vya kompyuta havitozwi ushuru. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Katika viwango vya pamoja vya ushuru wa forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta zilizo chini ya kifungu cha 8471 na vipuri vyake vilivyo chini ya 8473.30 vimewekewa asilimia 0. Hata hivyo, ushuru wa forodha ni tozo moja tu kati ya kadhaa. Mzigo unaoingia Kenya hutozwa VAT ya asilimia 16. Hutozwa pia ada ya tamko la uagizaji, ile inayojulikana kama IDF, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliishusha kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5, pamoja na ada ya maendeleo ya reli, ambayo sheria hiyo hiyo iliishusha hadi asilimia 1.5 kabla haijarejeshwa kwenye asilimia 2 mwishoni mwa Desemba 2024. Tena si kila kitu kinachoingia ndani ya kompyuta kinasomeka kama kipuri cha kompyuta mbele ya afisa wa forodha. Feni, nyaya, betri na pawa saplai vina vifungu vyao vingine katika orodha ya ushuru, na anayeagiza shehena iliyochanganyika asishangae akikuta mstari wa malipo ambao hakuutarajia.

Tuchukue mfano. Kadi ya grafiki inauzwa dola 300, na usafiri pamoja na bima ni dola 40. Nitatumia kiwango cha Sh130 kwa dola, na nitajumlisha usafiri ndani ya thamani inayotozwa, jambo ambalo huwa nalifanya hata kwa mzigo wa ndege ili nisishtukie malipo baadaye. Thamani inakuwa Sh44,200. Forodha ni sifuri. IDF ni Sh1,105, ada ya reli ni Sh884, na VAT ni Sh7,072. Jumla ya tozo ni Sh9,061, na kadi inakuwa imenifikia kwa Sh53,261, ilhali bei niliyoiona kwenye skrini ilikuwa sawa na Sh39,000. Hapo sijagusa malipo ya wakala wa forodha, wala tofauti ya kiwango cha ubadilishaji ambacho benki hukitumia kadi yake inapolipa kwa dola. Wanaolipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa mwaka 2022, nao hubadilishiwa kwa kiwango kinachowekwa na mtoa huduma, na kiwango hicho hakilingani na kile kinachotangazwa na Benki Kuu.

Kwa hiyo duka la hapa likiiuza kadi hiyo kwa Sh56,000, halijamnyonya mtu. Likiiuza kwa Sh80,000, limemnyonya, isipokuwa liwe na sababu nzito. Mwenye duka hulipa tozo hizo hizo, ila ana nafuu mbili ambazo mnunuzi wa kipuri kimoja hana. Huleta kadi nyingi kwa pamoja na kuugawa usafiri, na kama amesajiliwa kwa VAT, ile aliyolipa mzigo ulipoingia huikata kwenye VAT anayokusanya kwa wateja. Dhidi ya nafuu hizo kuna kodi ya duka, mishahara, kamisheni ya soko la mtandaoni kama anauza kupitia huko, na mali ambayo ikikaa rafuni miezi 6 huenda ikapitwa na toleo jipya. Kwa maoni yangu, mnunuzi akishapiga hesabu kamili na kukuta tofauti iko chini ya asilimia 15 au hivi, anunue hapa bila kujiuliza mara mbili. Sababu za kusema hivyo zitaonekana tukifika kwenye waranti.

Uzito, ukubwa na anwani ya Delaware

Baada ya ushuru, jambo linaloamua zaidi ni uhusiano kati ya thamani ya kipuri na nafasi kinachochukua ndani ya ndege. Kijiti cha RAM hakifiki hata gramu 100. Prosesa hulala kwenye kiganja. Diski ya SSD ya aina ya M.2 inakaribia ukubwa wa kipande cha chingamu. Vitu hivi vinaweza kubeba thamani ya makumi ya maelfu ya shilingi huku usafiri wake ukiwa mdogo, na ndivyo ninavyovifikiria kwanza ninapotaka kuagiza mwenyewe.

Kasha la kompyuta ni kinyume chake kabisa. Kampuni za vifurushi hazitozi uzito wa mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000 au 6,000 kutegemea kampuni, kisha zikatoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani. Boksi la kasha lenye sentimita 50 kwa 50 kwa 25 lina ujazo wa 62,500. Ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 12.5, hata kama kasha lenyewe lina kilo 7. Kwa ndege, nauli yake inaweza kuipita bei yake. Monita iko kwenye kundi hilo hilo, tena ina hatari ya kioo kupasuka. Wanaoleta vitu hivyo kwa faida ni wale wanaojaza kontena na kuipakua Mombasa, na mnunuzi mmoja mmoja hana sababu ya kushindana nao.

Kwa wanaonunua Marekani kuna jambo lingine. Tovuti nyingi za huko hazileti mzigo Kenya moja kwa moja, hivyo mnunuzi hutumia msafirishaji mwenye ghala lake huko, anayempa anwani ya kupokelea, kisha anaukusanya mzigo pamoja na ya wengine na kutoza kwa kilo. Maghala kadhaa ya namna hiyo yako katika majimbo ya Delaware na Oregon, na hilo si bahati: majimbo hayo hayatozi kodi ya mauzo, ambayo kwingineko Marekani huongezwa wakati wa kulipa. Baadhi ya wasafirishaji hutoa bei moja ya kilo ambayo tayari imejumlisha ushuru wa Kenya. Bei hiyo inavutia na inarahisisha mambo, lakini mnunuzi aulize kama atapewa hati ya forodha yenye PIN yake ya KRA, maana mwenye kampuni ndogo asiye na hati hiyo hawezi kuidai VAT aliyolipa wala kuthibitisha mali ilivyoingia nchini.

Msafirishaji wa kati analeta pia tatizo ambalo watu huligundua wakiwa wameshachelewa. Ulinzi wa mnunuzi katika masoko makubwa ya mtandaoni huhesabu siku tangu mzigo ufike kwenye anwani iliyoandikwa wakati wa kuagiza, na anwani hiyo ni ghala la Delaware. Mzigo ukikaa huko wiki mbili ukisubiri wenzake, kisha ukatumia wiki nyingine njiani, dirisha la siku 30 limebaki kama uzi. Kwa eBay masharti ni makali zaidi: dhamana yao ya kurudishiwa fedha haimlindi aliyeusafirisha mzigo kwenda anwani nyingine baada ya kufikishwa ile ya kwanza. Mtu anaweza kuwa na picha, risiti na ushahidi wote wa kipuri kibovu, na bado akakosa mahali pa kuupeleka.

Duka la nyumbani ambalo mali yake iko ng'ambo

Hapa ndipo mgawanyo wa ng'ambo na nyumbani unapoanza kuvurugika. Masoko ya mtandaoni ya Kenya, mathalani Jumia na Kilimall, ni mahali ambapo wauzaji wengi huuza chini ya paa moja, na miongoni mwao wapo ambao mali yao ingali Uchina. Ukurasa wa bidhaa huonyesha hilo kwa alama au kwa maandishi kwamba itasafirishwa kutoka ng'ambo, na muda wa kufika huwa ni wiki badala ya siku. Anayenunua kipuri cha namna hiyo kwa shilingi kupitia M-Pesa huhisi amenunua nyumbani, ingawa kwa kweli ameagiza Uchina kupitia mlango wa hapa. Kuna pia wauzaji wa Instagram na Facebook ambao huchukua oda, huagiza mahali pale pale ambapo mnunuzi angeagiza mwenyewe, kisha huongeza chao. Si kosa kufanya biashara hiyo. Ila mnunuzi anapaswa kujua kwamba analipia huduma ya uwakala, na kwamba muuzaji hajakishika kipuri hicho wala kukipima.

Njia ya kuwatambua ni kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, kipuri kipo dukani leo, na je, naweza kuja kukichukua mwenyewe? Muuzaji mwenye mali mkononi hujibu upesi na kutaja jengo na chumba. Katika majengo ya Moi Avenue, Luthuli na mitaa inayopakana nayo, duka la vipuri linalojiheshimu huwa na kompyuta iliyofunguliwa ubavu, imewekwa mezani kwa ajili ya kupimia. Ukitaka RAM, fundi hukichomoa kijiti kilichomo, hukipachika chako mpaka vishikizo vya pembeni vilie, huiwasha mashine na kukuachia ukisome mwenyewe kile kioo kinachoonyesha ukubwa na kasi. Kazi hiyo haichukui hata dakika 5, na inaondoa shaka ambayo mtu aliyeagiza Shenzhen, Uchina, hukaa nayo wiki nzima akisubiri boksi.

Kuna pia sheria, na sheria hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze taarifa muhimu za mauzo kabla ya mnunuzi kukubali, na asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kuyavunja makubaliano ndani ya siku 7 tangu apokee nakala yake. Sheria hiyo, pamoja na ile ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa, inachukulia kwamba mali iliyouzwa ina ubora unaofaa hata kama risiti imeandikwa kwamba mali iliyouzwa hairudishwi. Na mahali pa kwenda papo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwezi Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili. Muuzaji aliye Nairobi anaweza kupelekwa huko. Aliye Guangdong, Uchina, hafikiki, na anajua kwamba hafikiki.

Yanayopatikana Shenzhen

Nisieleweke kwamba napinga kuagiza Uchina. Mtaa wa Huaqiangbei mjini Shenzhen ndio soko kubwa la vifaa vya elektroniki ambalo fundi yeyote angetamani kuliona, na vipo vitu ambavyo hutavipata kwingine kwa bei ya maana: mikanda myembamba ya data ya laptopu za zamani, bawaba za skrini, feni za modeli iliyokwisha kutengenezwa, kibodi za laptopu za kubadilisha. Kwa vitu vya aina hiyo duka la nyumbani mara nyingi halina kitu kabisa, na hakuna hoja ya kulinganisha.

Uangalifu unahitajika kwa vipuri vyenye majina makubwa na bei ndogo. Chukua kadi ya AMD Radeon RX 580. Ilipotolewa Aprili 2017 ilikuwa na viini vya kuchakata 2,304. Mnamo Oktoba 2018 ikatokea Uchina kadi iliyoitwa RX 580 2048SP, yenye viini 2,048, idadi ile ile ya RX 570 iliyo chini yake. Ni kadi halali, na mtengenezaji hakudanganya. Shida ni kwamba kwenye matangazo mengi herufi hizo za mwisho huandikwa mahali ambapo jicho haliendi, au huachwa kabisa, na mnunuzi wa Nairobi analipia 580 akidhani amepata ile ya 2017. Isitoshe, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha utaratibu wa uchimbaji uliotegemea kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni kwa mkupuo. Zilisafishwa, zikabadilishiwa feni na kuwekwa kwenye maboksi mapya. Nyingine bado ni nzima. Nyingine zina chembe za kumbukumbu zilizochoka kwa joto, na kasoro yao huonekana tu baada ya saa moja ya mchezo mzito, pale mistari ya rangi inapoanza kuruka kwenye skrini.

Zaidi ya hizo ziko za uongo mtupu. Kadi za kale za NVIDIA huandikiwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na Windows huamini inachoambiwa. Tatizo hilo lilienea kiasi kwamba programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi za grafiki, katika toleo lake la 2.12 la mwaka 2018, iliongezewa uwezo wa kuzitambua. Diski na fleshi hudanganya kwa njia ya kufanana na hiyo: kidhibiti kilichomo hupangwa kiseme kuna TB 2 ilhali chembe za kuhifadhia ni GB 64. Mwanzoni mafaili hunakiliwa bila kelele. Nafasi ya kweli inapojaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, na mwenye diski hugundua siku anapofungua picha za harusi na kukuta hazifunguki. Dawa yake ni kuijaza diski yote kisha kuisoma yote kabla ya kuiamini. H2testw hufanya hivyo kwenye Windows na F3 kwenye Linux. Kazi hiyo ifanyike siku ya kupokea, na boksi lirekodiwe kwa video likifunguliwa, kwa sababu tovuti ya kuuzia itataka ushahidi na itautaka ndani ya siku chache.

Vipuri hivyo hivyo vya uongo vipo pia Nairobi, maana vinaletwa kutoka kule kule. Tofauti ni kwamba hapa unaweza kuvipima kabla pesa haijatoka mfukoni.

Waranti hufuata nini

Watu husoma kwamba prosesa ya Intel ya kwenye boksi ina waranti ya miaka 3, kwamba SSD ya Samsung 990 PRO ya TB 1 ina miaka 5 au TB 600 za kuandikwa, lolote litakalotangulia, na kwamba RAM ya Kingston ina waranti ya maisha, wakadhani ahadi hizo zinakifuata kipuri popote kiendako. Sehemu kubwa ya ahadi hizo hutegemea kilinunuliwa kwa nani na wapi. Prosesa zinazouzwa bila boksi, zile zinazotoka kwenye trei za viwandani, huwa na bei ya chini kwa sababu Intel haimjibu mnunuzi wa mwisho. Anayejibu ni aliyemuuzia. Baadhi ya watengenezaji hugawa dunia katika kanda, na kipuri cha kanda ya Marekani hakipokelewi na wakala wao wa Afrika Mashariki, hata kama kinafanana kwa kila herufi na kile anachokiuza yeye.

Hata pale waranti inapokubalika, gharama ya kukirudisha kipuri ni ya mwenye nacho. Pawa saplai yenye kilo 2 ikifa baada ya mwaka, nauli ya kuirudisha Marekani inakaribia bei ya mpya, na ile mbadala ikirudi inaweza kusimamishwa tena forodhani, mnunuzi atakiwe kuthibitisha kwamba si mali mpya. Kwa sababu hiyo navitenganisha vipuri kwa jinsi vinavyokufa. RAM na prosesa zikipita wiki ya kwanza salama, kwa kawaida hudumu miaka mingi, hivyo hatari ya kukosa waranti ni ndogo. Pawa saplai, ubao mama na diski za kuzunguka hufa kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, hufa baada ya mwezi au mwaka, na hivyo ndivyo ninavyovinunua hapa daima, hata vikizidi bei. Ubao mama una sababu ya ziada. Ubao wa AM4, yaani wenye soketi ya prosesa za AMD, uliokaa dukani muda mrefu huenda ukahitaji BIOS mpya (programu ya ndani ya ubao) kabla haujaitambua prosesa ya Ryzen 5000, na fundi wa dukani hulimaliza hilo kwa muda mfupi, wakati aliyeagiza vyote viwili mbali atabaki na mashine isiyoonyesha kitu, asijue kibovu ni kipi.

Kuhusu umeme wenyewe, aliyenunua pawa saplai Marekani aangalie lebo. Nyingi za kisasa zimeandikwa volti 100 hadi 240 na hazina shida na volti 240 za Kenya. Waya wake wa ukutani hubadilishwa tu kwa ule wa pini tatu unaouzwa kila mahali, kwa sababu tundu la nyuma ni lile lile. Zile za zamani zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 zikiwashwa kikiwa upande wa 115, hulipuka papo hapo.

Njia ya Dubai

Wapo wasioagiza mtandaoni, wanaomtuma ndugu au rafiki anayepita Dubai. Barabara ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, ina majengo yaliyojaa maduka ya kompyuta, na mtu anayejua kupatana huko hupata bei nzuri. VAT ya Falme za Kiarabu ni asilimia 5 tangu Januari 2018, na mgeni aliyenunua kwenye duka lililo katika mpango wa kurudishiwa, kwa risiti isiyopungua dirhamu 250, huidai uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mabegi. Harejeshewi yote: hupewa asilimia 85 ya kodi hiyo, ikitolewa dirhamu 4.80 kwa kila risiti. Kwa mali ya dirhamu 1,000 kabla ya kodi, kati ya dirhamu 50 alizotozwa atapata 37.70. Ni kidogo, lakini kwa kadi mbili za grafiki kinalipia chakula cha safari.

Upande wa Kenya, Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 iliweka msamaha wa dola 500 kwa mkazi anayerejea baada ya kuwa nje zaidi ya saa 24, na KRA ilipokumbusha kiwango hicho mwishoni mwa 2023 kulizuka mjadala mkubwa wa kutaka kipandishwe. Msafiri asome tangazo la karibuni kabla ya kuondoka. Msamaha huo ni wa vitu vya mtu binafsi. Aliyebeba vijiti 20 vya RAM vyenye lebo moja atahesabiwa kuwa mfanyabiashara, na ni haki ahesabiwe hivyo.

Shilingi inapoyumba

Bei za nyumbani hazifuati dola siku hiyo hiyo. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, kisha hadi mwisho wa Machi ikashuka kuelekea Sh130. Maduka yaliyokuwa yamejaza mali wakati wa 160 hayakuweza kuipunguza bei mara moja, na kwa wiki kadhaa kuagiza mwenyewe kulikuwa na faida ya wazi. Shilingi inapodhoofika hali hugeuka: mali ya zamani iliyo dukani bado inauzwa kwa bei ya zamani, na anayewahi ndiye anayefaidi. Ndivyo ilivyo pia bei ya dunia inapopanda. Mwishoni mwa 2025 RAM zilipanda bei vibaya kwa sababu ya mahitaji ya vituo vya data vya akili unde, na mwezi Desemba mwaka huo kampuni ya Micron, inayotengeneza chembe za kumbukumbu, ikatangaza kwamba inaachana na biashara yake ya RAM na diski za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Aliyekwenda dukani Nairobi kabla mzigo mpya haujaingia aliweza kukuta kijiti kwa bei ambayo tovuti za ng'ambo zilikuwa zimeshaiacha nyuma. Kwa hiyo, bei iliyokuwa sahihi miezi 3 iliyopita si ushahidi wa chochote leo, na hesabu ipigwe upya kila mara.

Betri za laptopu

Nimeziacha mwisho kwa sababu zina kanuni zake peke yake. Betri ya lithiamu inayosafirishwa bila kifaa chake imepigwa marufuku kubebwa kama mizigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, na kwenye ndege za mizigo haitakiwi kuwa na chaji zaidi ya asilimia 30. Kwa hiyo wauzaji wengi wa ng'ambo hukataa kuituma, na wanaokubali mara nyingi huandika kitu kingine kwenye karatasi, jambo linaloweza kuufanya mzigo uzuiliwe njiani. Abiria anayetoka Dubai anaweza kubeba betri ya akiba kwenye begi la mkononi ikiwa haizidi saa za wati 100, ila kamwe isiwekwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Inabaki kuinunua hapa, ambako nyingi zilizopo ni nakala, na nyingine ni zilizokwisha kutumika, zinazotolewa kwenye laptopu za mitumba kutoka Uingereza ambazo wafanyabiashara wa Nairobi huziita ex-UK. Nakala nzuri ipo na inafanya kazi. Toa kwanza betri ya zamani, uisome namba yake ya kipuri pamoja na volti na saa za wati zilizochapishwa juu yake, kwa maana modeli moja ya laptopu huweza kuwa na betri mbili zisizopachikana. Nenda nayo dukani. Ikishapachikwa mpya, fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayotengenezwa, na usome mistari miwili: uwezo iliyoundwa nao na uwezo inaoushika sasa ikijaa. Namba hizo zikipishana kwa zaidi ya kidogo, irudishe kabla hujatoka dukani.